Kakamega na Mkoba Mweusi wa Mama

Safari tunayowasimulia wasomaji wetu wiki hii ilikuwa ya siku kumi na mbili, kutoka Mombasa hadi Kakamega na kurudi. Tulikwenda kumwona mtoto mchanga wa dada yetu aliyeolewa huko, na tulikuwa wanne: Mama yetu mzazi, ndugu yetu mwanamume ambaye ndiye aliyekuwa maharimu wetu, na sisi mabinti wawili. Lakini kila tulipopanga jambo, tangu tiketi hadi kitanda, tulijikuta tunampangia msafiri wa tano. Huyo ni mkoba mweusi wenye ukubwa wa kikapu cha sokoni, na ndani yake mna mashine ambayo Mama hulala nayo.

Kisa cha mkoba huo kina miaka minne. Mama alikwenda Malindi harusini, akalazwa chumba kimoja na wanawake wengine wanane, na asubuhi wasichana wa shughuli wakawa wanaigiza namna alivyokoroma. Walicheka, naye akacheka nao, kwani ndivyo mtu mzima anavyofanya. Tangu siku hiyo hakulala tena nje ya nyumba yake. Mjukuu wa kwanza na wa pili wa Kakamega walizaliwa, wakatimiza arobaini, wakaota meno, naye hajenda. Kila mara palikuwa na udhuru: goti, mvua, kuku wa kuangaliwa. Sisi tulizikubali nyudhuru zote, na leo twaona haya kwa kuzikubali.

Aliyegundua kwamba si kukoroma tu ni Baba. Alizoea kuamka saa tisa za usiku kwa ajili ya tahajjud, na akatueleza kwamba Mama hukoroma, kisha hunyamaza kimya kabisa, kisha hushtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Tulimpeleka hospitali. Alifungwa vyombo vya kupima usingizi wake usiku mzima, na majibu yakaonyesha kwamba pumzi yake ilikuwa ikikatika zaidi ya mara thelathini kwa kila saa. Madaktari huuita ugonjwa huo apnea ya usingizi, na kiwango hicho kwao ni kikali. Misuli ya koo hulegea mtu alalapo, njia ya hewa hujifunga, na mwili hukosa hewa kwa sekunde kumi au zaidi mpaka ubongo umwamshe mwenyewe bila yeye kujua. Asubuhi huamka na kichwa kizito kama hakulala. Ukiachwa, ugonjwa huu hupandisha shinikizo la damu, huuchosha moyo, na humsogeza mtu karibu na kiharusi. Wanawake wengi hawaendi kumwona daktari kwa sababu ya kukoroma. Huenda kwa sababu ya uchovu, au maumivu ya kichwa ya asubuhi, na mara nyingi huambiwa ni mawazo au ni umri. Kwa hakika umri umo, maana hatari huongezeka baada ya mwanamke kukoma hedhi, lakini umri peke yake haumfanyi mtu akate pumzi.

Dawa yake ni ajabu kwa wepesi. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Sydney, Australia, Colin Sullivan, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba ukimvisha mgonjwa kifuniko puani na kumpulizia hewa kwa nguvu ya wastani isiyokatika, hewa hiyo hulishikilia koo likabaki wazi. Hakuna upasuaji wala vidonge. Mashine yenyewe leo hujulikana kwa herufi CPAP. Ni kijisanduku kinachokaa kando ya kitanda, kina bomba refu laini, barakoa yenye mikanda, na kitangi kidogo cha maji cha kuilainisha hewa isikaushe pua. Bei yake si ya mchezo. Tulichangishana watoto sote, na Baba akauza pikipiki.

Mama aliipokea kwa shukrani na kwa chuki. Usingizi ulimrudia, maumivu ya kichwa yakaondoka, lakini alipojitazama kwenye kioo amevaa barakoa na bomba linaning'inia, alisema sasa amekuwa ndovu. Alivyoona yeye, kukoroma Malindi ilikuwa aibu ndogo. Kwenda ukweni na mkonga ilikuwa aibu kubwa.

Dada alipojifungua mtoto wa tatu hakumbembeleza. Alimpigia simu akamwambia, "Mama, huyu wa mwisho. Sizai tena." Basi akanyamaza. Siku ya pili Mama akauliza kama Kakamega kuna umeme.

Tuliepuka mabasi ya usiku, ingawa ndiyo nafuu na ndiyo yaliyozoeleka kwa safari ndefu kutoka pwani. Mtu mwenye ugonjwa huu akisinzia kitini usiku kucha bila mashine yake, anafika akiwa mgonjwa. Tukaamua kusafiri mchana tu: treni ya asubuhi hadi Nairobi, tulale kwa jamaa, kisha basi la mchana hadi Kakamega.

Kituoni Miritini, kama wajuavyo waliopanda treni hiyo tangu ilipoanza mwaka 2017, mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi hupitishwa kuinusa. Mama aliuvika mkoba wake mfuko wa plastiki, maana sisi tu Mashafii na pua ya mbwa ina maji. Mbwa akapita bila hata kuutazama. Lakini askari wa kike aliyekuwa mbele, kwenye mashine ya miale, aliona waya na bomba akataka ufunguliwe. Mama aliinamisha uso. "Mambo ya hospitali tu, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, na sisi tukatoa barua ya daktari haraka haraka kana kwamba tumekamatwa na magendo. Tunawanasihi wenye mashine hizi waibebe barua hiyo kila mara, na wasiuache mkoba uende na mizigo mikubwa, iwe ni treni, basi au ndege. Mashirika mengi ya ndege huhesabu mashine hii kuwa chombo cha tiba na huruhusu ibebwe mkononi.

Nairobi tulijifunza jambo la pili. Chumba tulichopewa kilikuwa na soketi moja, nayo ilikuwa mlangoni, kitanda dirishani. Ndugu yetu alitoka saa nne usiku kutafuta waya wa kuunganisha, akaupata kwa muuza duka aliyekuwa akifunga mlango. Asubuhi, katika haraka ya kuondoka, tuliiinua mashine na kitangi chake kikiwa na maji. Maji yakamwagika ndani. Tuliigeuza, tukaipangusa, tukaiacha wazi juani kibarazani, na tukakosa basi la kwanza. Mama alikuwa ameketi pembeni na tasbihi yake, hasemi neno. Ilipowaka tena na kupuliza, alishusha pumzi, nasi tukashusha zetu.

Njia ya kwenda Kakamega inapanda na kushuka kama bahari yenye mawimbi. Unatoka Nairobi, unashuka Bonde la Ufa, unapita Naivasha na Nakuru, kisha unapanda hadi Mau Summit ambako baridi huingia ndani ya mifupa ya mtu wa pwani. Kericho kuna mashamba ya chai yaliyonyolewa sawasawa. Ahero kuna mpunga, na hapo Mama alichangamka kwa mara ya kwanza, akasema hata bara wana Tana yao. Tulisali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza katika kibanda cha sala cha kituo cha mafuta. Baada ya Kisumu basi lilianza kupanda tena, kupitia Kiboswa, Mbale na Chavakali. Katika kipande hicho ndipo mtu anapoivuka ikweta, kwani Kisumu iko kusini yake na Kakamega iko kaskazini. Kabla ya mji, upande wa barabara pale Ilesi, limesimama Jiwe Liliao, jiwe kubwa lililobeba jingine kichwani, na maji yanachuruzika ubavuni mwake. Lilikuwa likilia kweli jioni hiyo, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha.

Kakamega iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Tulikuwa na hofu kwamba hewa nyepesi ya huko itaivuruga mashine, lakini nyingi za kisasa huupima mgandamizo wa hewa na kujirekebisha zenyewe. Mwenye mashine ya zamani ni vyema amwulize fundi kabla ya kupanda milima.

Tatizo lililotungoja lilikuwa la namna nyingine. Shemeji yetu ni wa Wawanga wa Mumias, Mwislamu mtoto wa Waislamu, lakini kwa mila za Waluhya wengi mama wa binti halali katika nyumba ya mkwewe. Ni heshima kubwa kati ya mtu na mama mkwe wake, na hata wasioishika sana mila hiyo hawapendi kuivunja mbele ya wazee. Dada alikuwa amelisahau hilo, au alijifanya kulisahau. Basi Mama akapelekwa kulala kwa shangazi wa shemeji, mjane aishiye mtaa wa Amalemba, ambaye kila mtu pale humwita Senje, yaani shangazi kwa Kiluhya. Yaani Mama, aliyekataa miaka minne kulala penye macho ya watu, sasa alikuwa anakwenda kulala kwa mtu asiyemjua kabisa.

Senje alitupokea kwa "Mulembe" na kwa salamu ya Kiislamu kwa pamoja, akatupa ugali, kuku aliyechinjwa kwa ajili yetu, na mrenda ambao Mama aliula kwa adabu kuliko kwa ladha. Hakuuliza mkoba una nini. Alipoona tunatafuta soketi, alikisogeza kitanda mwenyewe.

Usiku wa kwanza, katikati ya usingizi, tulisikia Mama akikohoa na kulalamika kwamba ananyweshwa maji. Ndivyo ilivyokuwa. Kule Mombasa chumba kina joto, na mvuke wa mashine hufika puani ukiwa mvuke. Kakamega usiku una baridi. Mvuke hupoa njiani na kugeuka matone, na matone hukusanyika bombani mpaka yakamrushia mtu usoni. Tulipunguza kiwango cha unyevu, tukaishusha mashine chini kuliko kitanda ili maji yarudi yalikotoka, na bomba lote tukalizungushia leso ya Mama. Lilipendeza. Asubuhi Senje aliliona, akalishika pindo la leso akitaka kujua maandishi yanasemaje, na Mama akamsomea na kumfasiria. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mazungumzo yao.

Kwa kuwa tulinuia kukaa zaidi ya siku nne, tulirudi kusali kwa ukamilifu, na siku zikachukua mwendo wao: asubuhi kumwogesha mtoto na kumkanda mzazi, alasiri kumsikiliza Senje. Ni yeye aliyetuambia tusijione wageni, kwa kuwa watu wa pwani walikuja zamani. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika katika ufalme wa Wanga katika karne ya 19, na makao ya Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, yalikuwa kituo mashuhuri katika njia ya kwenda Uganda. Hivyo ndivyo Uislamu ulivyotia mizizi Mumias, na ndiyo sababu hadi leo utamkuta mzee wa huko ambaye Kiswahili chake kina harufu ya Mrima. Siku moja tulikwenda na msituni, Isecheno. Msitu wa Kakamega ni masalio ya misitu mikubwa ya mvua ya Kongo na Afrika Magharibi, na humo tuliwaona mbega weusi kwa weupe wakirukaruka juu ya vichwa vyetu. Mama alibaki langoni na Senje. Tuliporudi tuliwakuta wanabishana juu ya bei ya viazi.

Usiku wa sita ulikuja radi. Wenyeji wamezoea, mvua kubwa ya ngurumo kwao ni kama upepo wa kusi kwetu. Saa nane za usiku palikuwa na mwanga mkali, mshindo, kisha giza. Sauti ya mashine ikakatika. Mama aliamka mwenyewe, akaivua barakoa, akasema hakuna neno, tulaleni. Tukamwinua kwa mito mpaka akawa nusu ameketi, kisha tukamlaza ubavu, maana mtu akilala chali koo hujifunga upesi zaidi. Akalala. Sisi hatukulala.

Hatukuwa tumewahi kumsikiliza usiku mzima bila mashine. Baba ndiye aliyekuwa akisikia, na Baba si msemaji. Alikoroma, akanyamaza, nasi tukahesabu: kumi, kumi na tano, ishirini, ishirini na tano. Ndugu yetu aliyekuwa ukumbini alikuja akasimama mlangoni. Tulipofika thelathini mmoja wetu alimgusa bega, akashtuka akavuta hewa kwa kishindo. Dakika chache baadaye ikawa vilevile. Tulipeana zamu, mmoja wetu kuhesabu na mwingine kugusa.

Senje aliingia na taa ya sola ya mkononi, akaketi kwenye kigoda. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa utulivu kwamba marehemu mumewe alilala namna ile ile, miaka mingi, hata watoto walikuwa wakihesabu kwa mzaha kama tuhesabuvyo sisi. Asubuhi moja hakuamka. Watu walisema amerogwa, wakamtaja jirani, na Senje na jirani huyo hawajasemezana mpaka leo. Alituuliza kama ndicho kilichomwua. Tulimjibu kwamba hatujui, na kwamba hakuna ajuaye sasa ila Mwenyezi Mungu; huenda ulikuwa moyo, huenda jambo jingine. Aliitikia kwa kichwa. Alikaa nasi mpaka adhana ya alfajiri, na kila mara pumzi ya Mama iliponyamaza tulimwona naye akishikilia yake.

Umeme haukurudi kwa siku mbili. Lakini kabla ya adhuhuri Senje alikuwa ameshatuma kijana kwa fundi wa redio ambaye ana betri kubwa ya sola ya ampea mia na inveta. Fundi aliuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kujiuliza: chombo hiki kinakula umeme kiasi gani? Tulisoma kibandiko chini ya mashine, akakokotoa kwa kalamu juu ya kiganja, akasema tukizima kipasha maji betri itafika asubuhi na kubaki na ziada. Ni kweli, kwani ule upashaji maji ndio hula umeme mwingi, si upepo. Usiku huo Mama alipumua hewa kavu, pua ikamwasha, lakini alilala mpaka tukamwamsha. Ada tuliyotaka kumpa fundi alikataa. Alichukua kilo ya tende tuliyotoka nayo Mombasa.

Siku iliyofuata Senje alimwomba Mama ambo barakoa alivae yeye, aone. Mama alimfunga mikanda, akaiwasha mashine. Senje alishtuka kwa upepo, akacheka mpaka akatokwa na machozi, na Mama akacheka naye. Na kicheko hiki hakikuwa kile cha Malindi. Kisha Senje akaivua akasema, sasa amekuwa makini, kwamba mwanawe mkubwa anayeendesha lori la miwa naye hukoroma na husinzia mchana. Mama ndiye aliyemweleza, si sisi: kwamba aende hospitali ya rufaa ya kaunti aeleze dalili zote, asiseme tu anakoroma, aseme anasinzia kwenye usukani, na amchukue mkewe ashuhudie. Mke ndiye shahidi, alisema, mwenye maradhi amelala.

Arobaini ya mtoto ilifanywa siku mbili kabla ya sisi kuondoka. Pilau ilipikwa ya pwani na ya Mumias, na hatutasema ipi ilimalizika kwanza.

Kurudi tulipanda treni Nairobi. Mizigo ikapangwa chini, mbwa akapita, na mbele yetu kijana wa ulinzi akauonyesha mkoba kwa kidole. Tulianza kuitafuta barua. Mama alikuwa ameshafungua zipu. Alitoa barakoa, akalinyoosha bomba likiwa bado na leso yake, na kuanza kumweleza kijana yule tangu mwanzo: koo linavyojifunga, watu wanavyosema umerogwa, mashine inavyopuliza. Foleni nyuma yetu ikarefuka, mtu mmoja akaanza kunung'unika kwamba treni itatuacha, na ndugu yetu akamvuta Mama kwa upole pindo la buibui. "Ngoja," Mama akasema, "ameniuliza habari ya babake."